Kibati cha Mbaazi

Mbale, Jumapili, baada ya kazi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeitanguliza shikamoo ikae miguuni pako, na dada Rukia asiendelee kukusomea mpaka umeiitikia.

Macho yako yameamkaje? Rukia aliniambia la kushoto limefunga na la kulia linaona vivuli tu. Na magoti, bado yanakuamsha alfajiri kabla ya adhana? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo. Nikiinama unalia, nikiinuka unalia, na watu hapa wamezoea, wakiusikia wanajua Athumani yupo nyuma ya jiko.

Najua utauliza, barua ya nini na simu ipo. Mama, simu ya Rukia inawekwa sauti ya juu, na uani kuna masikio mengi. Halafu kwenye simu sisi wawili hatusemi kitu. Mimi nasema mzima, wewe unasema mzima, tunataja mvua, tunaagana. Safari hii nina mambo marefu. Anayeleta barua ni Kazungu, dereva wa lori, mtu wa Kilifi, sauti yake inakwaruza kama jiwe la kunolea. Mpeni chai. Kama si nazi zake, barua hii isingekuwapo.

Nianze na la kuungama. Miaka hii saba nimekuwa nikikwambia mimi ni mpishi wa hoteli, na Rukia anasema umewaambia mtaa mzima. Si kweli. Nilikuwa mwosha vyombo Jinja, na hapa Mbale napasua kuni, nabeba maji na kusugua masufuria. Niliona haya kusema. Nilipokuwa mdogo niliona haya kubeba sufuria yako ya mbaazi, nikiita kwa sauti ya chini ili wenzangu wa darasani wasinisikie, na nilipokuwa mkubwa nikaona haya kwamba siwezi kupika hata hizo mbaazi. Haya yangu imenizungusha mpaka huku.

Ile hoteli ya Jinja ilikuwa ya wageni, kando ya mto. Orodha ya vyakula ilikuwa kitabu chenye jalada la ngozi, kizito kama daftari la karani wa korti. Wanawake wa kijiji cha Wanyange walileta samaki asubuhi kwenye beseni, wakiwaita ngege, basi. Lakini ngege yuleyule akitoka jikoni kwenda mezani alikuwa na jina la mistari mitatu, nusu yake Kifaransa. Nilimuuliza mpishi mkuu, "Mzee, huyu si yule wa kwenye beseni?" Akaniambia, "Osha sahani wewe. Mgeni anashiba jina kabla hajaonja." Baadaye wakaviondoa vile vitabu, wakabandika mezani kijikaratasi chenye vidoadoa vyeusi, mgeni anakielekezea simu yake na orodha inamtokea kiganjani. Waliokuwa wakibeba vitabu wakaambiwa kazi imekwisha. Wiki iliyofuata nikaambiwa na mimi.

Nikaenda Buwenge kupakia miwa. Huko sokoni nilikuwa nikila kwa mama mmoja ambaye hana kitabu wala kidoadoa. Unakaa, anakuja kukusimamia, anakutajia kila kilichomo masufuriani kwa pumzi moja: matoke, posho, wali, muhogo, viazi, maharage, nyama, karanga, samaki. Matoke ni ndizi za kupikwa, na posho ndiyo ugali wetu. Huku mlo una pande mbili, mama. Matoke, posho na wenzake wanaitwa chakula. Maharage, nyama na samaki wanaitwa mchuzi, hata kama samaki ni mkavu kama ubao. Siku ya kwanza niliagiza wali peke yake, akanitazama kama mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. "Na mchuzi gani?" Nilipenda kumsikiliza akitaja. Nilifumba macho nikawa nakusikia wewe barazani, asubuhi, unawatajia watu kilichopo, na mimi nimejificha nyuma ya mlango nisitumwe.

Mwaka wa tatu nikaja Mbale. Hapa niko kwa Hajati Zaituni, mwanamke wa makamo, mjane, mwenye hoteli pembeni ya barabara ya malori. Wanaokula ni madereva wa Kenya, mafundi wa gereji na wafanyabiashara wa sokoni. Hapa orodha iko ukutani. Imeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, kwa Kiswahili, na juu ya kila jina kuna kibati kilichokatwa kutoka debe la mafuta, kimefungwa kwa bawaba. Chakula kikiwapo, kibati kinainuliwa na kushikwa kwa msumari. Kikiisha, kibati kinashushwa, jina halionekani tena. Upande mmoja ni vyakula, upande wa pili ni michuzi, pamoja na malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani wanayoyapika kwa karanga. Katikati peke yake, kama mtoto aliyekosa upande, kulikuwa na kibati kimoja chenye kutu ambacho hakikuinuliwa kamwe. Niliambiwa nisikiguse.

Hajati alinieleza habari ya ukuta huo siku moja tukichambua mchele. Aliyeupaka ni mama yake, Bi Salima, mwanamke wa Tanga aliyeolewa huku. Zamani mpakuzi wao alikuwa akitaja chakula kwa mdomo, kama yule mama wa Buwenge. Ikaja miaka ya wanajeshi. Mwanajeshi mmoja akauliza, "Kuna nini?" Mpakuzi akataja, na maini yakiwamo. Alipofika jikoni, maini yameisha. Aliporudi kusema hivyo alipigwa kofi, na sikio lake moja halikusikia tena mpaka alipokufa. Kesho yake Bi Salima akakata madebe, akachora ukuta kwa Kiswahili kwa sababu wale waliagiza kwa Kiswahili, akaweka vibati.

"Alisema ukuta haupigwi kofi," Hajati aliniambia. "Na akaweka sheria. Kilicho wazi, kipo. Kilichofungwa, kimeisha. Hakuna kubishana. Hatujawahi kumwambia mtu hapana juu ya kibati kilicho wazi, Athumani. Hata siku ya maziko yake."

Wazee wengi wa hapa hawaupendi ukuta huo. Kiswahili kinawakumbusha sauti za wanajeshi milangoni. Wanaagiza kwa lugha yao, uso wameugeuzia barabarani. Nambozo, mpakuzi wetu wa sasa, binti wa mtaa wa Malukhu mwenye ulimi, ananiita afande kwa sababu ya Kiswahili changu. "Afande wa kuni, maji iko wapi? Au tungoje amri kutoka juu?"

Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuosha ukuta. Naviinua vibati vyote, nafuta masizi na mafuta, kisha Nambozo anashusha vya vyakula ambavyo havijapikwa. Kile cha kutu nakipitishia kitambaa juu tu.

Sasa, mama, ndiyo nafika. Rukia, hapa usiruke.

Mwezi uliopita Rukia alinipigia. Akaniambia umeacha kupika. Akasema juzi yake ulimimina tui, likaenda lote nje ya sufuria, likazima moto, na wewe ukabaki umeinamisha kibuyu kitupu ukidhani linaingia. Kwamba uliifuta sakafu mwenyewe, ukaipindua sufuria. Nilimwambia Rukia sawa. Nilikata simu nikaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Asubuhi yake, nikiosha ukuta, nilisimama mbele ya kile kibati. Sijui nilitaka nini. Nilichukua mafuta kidogo nikatia kwenye bawaba, nikakiinua. Mama, chini yake rangi ilikuwa kama imepakwa jana. Jua halikuifikia, moshi haukuifikia. Iliandikwa MBAAZI ZA NAZI. Nilikaa nikaisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye karatasi ya mtihani. Kisha gari la kuni likapiga honi nje, nikatoka kushusha, na kibati nikakiacha juu ya msumari.

Nilipokuwa na gogo begani, Nambozo alikuja.

"Afande, wewe nafungua nini? Kuna madereva tatu, wote nataka hiyo ya katikati. Mimi hapana jua hata rangi yake."

Nilikimbia ndani. Hajati alikuwa tayari amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. Madereva walikuwa wamegeuka kumtazama, wanaona kuna jambo.

"Nani amefungua mdomo wa mama yangu?"

"Ni mimi, Hajati. Nilisahau kufunga."

"Kiko wazi," akasema. "Tangu azikwe hakijawa wazi. Sasa kiko wazi na watu wameagiza."

"Nitakishusha."

"Wameshaagiza. Utakipika."

"Hajati, mimi ni wa kuni."

"Mtu wa pwani ni wewe. Au pwani ulikuwa ukila kuni?"

Madereva wakacheka, mimi sikucheka. Mmoja wao ndiye huyu Kazungu. Akasema, "Hajati, sisi tunakwenda kushusha mzigo Malukhu. Tutarudi saa nane. Ndugu yangu, nyuma ya kiti nina nazi nne nampelekea mke wangu Jinja. Chukua mbili. Yeye nitamwambia barabara ilikuwa mbaya."

Basi nikaachwa na nazi mbili na jiko. Mbaazi nilizipata sokoni, zinatoka kaskazini, kavu, ndogo kuliko zetu. Hazikulowekwa. Nambozo akaniambia nitie magadi zilainike mbio, nikakumbuka ulivyokuwa ukisema magadi hulainisha mbaazi na kuua ladha, nikakataa, nikaongeza kuni. Mbuzi ya kukunia hakuna, nikatoboa mfuniko wa kopo kwa msumari nikakuna kwa huo, na vidole vikakunika pamoja. Nilikupigia simu mara nne. Kumbe Rukia alikuwa amekupeleka hospitali ya macho na simu imezimwa.

Nilipika kwa kukumbuka mikono yako. Nilikuwa nimekataa kujifunza, lakini macho hayakukataa. Nilikuona unatia tui jepesi kwanza, unaacha lichemke na vitunguu. Nilikuona unaondoa kuni mbili kabla ya kutia tui zito. Nilikuona unakoroga upande mmoja tu, huku unasema na mtu wa mlangoni bila kutazama sufuria. Hapo katikati kuna kitu ulikuwa ukifanya. Ulikuwa ukigeuka kwenye rafu. Mgongo wako unanificha, kisha unageuka tena. Nimejaribu sana mama, sioni ulichokuwa ukikichukua.

Saa nane walirudi. Nambozo aliwapakulia pamoja na mandazi. Kazungu alikula sahani yote, akafuta kwa kipande cha mwisho, akasema, "Hizi ni za kwetu, lakini zimepikwa na mtu anayekimbia." Hajati alichukua kijiko chake akaenda kula mlangoni, ametupa mgongo. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, ila alisema kwa sauti ya kawaida, "Kuna kitu kimepungua."

"Najua, Hajati."

"Nini?"

"Sijui."

Jioni ile aliniita. Akaniambia nitoke kwenye kuni, niingie jikoni. Kibati kibaki wazi kila siku. Nilipomkumbusha kwamba nilikwisha omba ruhusa ya kuja nyumbani baada ya Idi, alisema, "Nenda, lakini kikifungwa safari hii nakipigilia msumari. Sitaki kukizika mara tatu."

Mama, nisikufiche. Nilifurahi. Kwa wiki tatu nimekuwa kile nilichokudanganya. Watu wananiita mpishi. Mgongo umepumzika. Nambozo naye amebadilisha, sasa mimi ni afande wa mbaazi. Nilijiambia Rukia yupo, macho ya mama hayataponywa na mimi, nikiondoka nitarudi kukuta mtu mwingine kwenye shoka na msumari kwenye kibati. Nilianza kujiambia, baada ya mvua. Nilijisikia kabisa nikisema hivyo, baada ya mvua, kwa sauti nzuri ya mtu mwenye akili.

Ijumaa iliyopita Hajati aliniita chumbani kwake nimsaidie kusogeza kitanda. Chini yake kulikuwa na sanduku la bati, jipya, halina hata mkwaruzo, ila limejaa vumbi. Nikamuuliza ni la nini.

"La mama. La kwendea Tanga. Alilinunua nikiwa mtoto." Alilipangusa kwa upindo wa nguo. "Alisema atakwenda baada ya mavuno. Kisha baada ya Idi. Kisha baada ya Zaituni kuolewa. Kisha bibi yangu akafa huko, na mama hakusema baada ya kitu chochote tena. Alipika mbaazi siku hiyo, hakula."

Alilisukuma sanduku mpaka katikati yetu.

"Mbaazi zangu zinapungua nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Mama hakunifundisha. Alisema atanifundisha vizuri tukifika Tanga."

Nilimwambia nitakwenda. Sikumwambia lini nitarudi, kwa sababu sijui, na yeye hakuuliza. Akasema tu, "Na kibati?"

"Nitakishusha mwenyewe siku ya kuondoka, Hajati. Si wewe uliyeniambia? Kilichofungwa kimeisha. Chakula kikiisha, kesho hupikwa kingine. Usikipigilie msumari."

Akasema, "Mdomo wako umetoka kwenye kuni mapema mno." Lakini alinipa sanduku. Nakuja nalo. Nitalipitisha mlangoni kwako, mama, kwa sababu limesubiri safari kuliko mimi.

Sasa neno langu la mwisho, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Jumatano Rukia alinipigia, nikamweleza nilivyopika, hatua kwa hatua, na wewe ulikuwa pembeni. Nikakusikia unacheka. Miezi mingapi sijakusikia ukicheka. Halafu ukasema, "Mpe hapa, najua alichosahau," na Rukia akakupa simu, na mimi nikakata. Nilipopigiwa tena sikupokea. Usidhani ni mtandao. Usidhani nimekasirika. Niliogopa, mama. Niliogopa kwamba ukinitajia kwenye simu, kitatosha. Nitakitia sufuriani kesho yake, Hajati ataridhika, Kazungu ataridhika, na mimi nitakuwa sina tena cha kufuata huko. Nitasema baada ya mvua.

Naogopa na jambo lingine, na nitalisema kwa kuwa nimeahidi kutoficha leo. Umri wako naujua. Huenda ningekuacha useme. Mtu mwenye busara angeacha useme. Lakini nakuomba ukishike. Usimwambie Rukia, usimwambie Kazungu, hata akikubembeleza kwa sauti yake ile. Lori lake litaondoka hapa tena siku tatu baada ya Idi, na nafasi pembeni ya kiti ni yangu. Naleta mbaazi za kaskazini, nazi zipo huko. Ile sufuria uliyoipindua, isimamishe. Kaa kwenye kibao chako, mimi nitakuwa macho na wewe utakuwa ulimi. Nitaacha nafasi wazi mbele ya rafu ili mgongo wa mtu usinizibe, nawe utaniambia, nyoosha mkono, hapo, hicho. Na nikiita kuuza, mama, nitaita kwa sauti ya watu wote kusikia.

Nisalimie mjomba fundi viatu, mwambie vile alivyonishonea nikiondoka bado navivaa kwa swala ya Ijumaa. Nisalimie jirani yetu wa kisimani aliyekuwa akinificha nisitumwe, mwambie namsamehe na yeye anisamehe. Mwalimu wangu wa chuoni, kama bado anatembea, mbusie mkono. Watoto wa Rukia wote, mmojammoja kwa jina lake, na yule mdogo ambaye sijamwona, mwambie mjomba wake ana mgongo unaolia.

Hajati Zaituni anakusalimu. Hakujui lakini amesema nikuandikie hivi: mama wa Athumani, mtoto nimekula naye, namrudisha.

Ni mimi mwanao, mpishi nusu,
Athumani

Rukia, hapa barua imekwisha. Ikunje umpe mama aishike. Kwenye kona ya chini kuna doa, usilifute. Ni tui la leo. Mwache alinuse, atajua mwenyewe nimefika wapi.